Spika Alipokatazwa Kusema

Mume wangu ni mnadi wa nguo za mitumba, na tangu anioe sijahitaji saa ya ukutani. Akianza kunadi asubuhi, sauti yake inavuka uwanja wa mnada, inavuka kituo cha mafuta, inaingia kwenye duka langu la kutoa kopi kupitia dirisha la nyuma, nami najua imetimia saa mbili. Sauti ikipanda, najua amefika kwenye mashati. Ikishuka ikawa ya kubembeleza, amefika kwenye soksi, maana soksi za mitumba hakuna anayezikimbilia. Ikinyamaza, nafunga duka nikapike, kwa sababu mtu huyo akirudi nyumbani ana njaa ya watu wawili.

Watu wote wanamwita Spika. Jina lake la kuzaliwa tunalijua mimi na mama yake, na mama yake naye ameanza kulisahau. Ukitaka kumjua, nenda ukamwone juu ya benchi lake, taulo begani, mkono mmoja nyuma ya sikio, anatikisa shati mbele ya watu: "Shati la bwana harusi hili! Aliyelivaa kwanza alioa mara mbili! Wewe kaka hata mara moja imekushinda, unajua kwa nini? Hujavaa shati!" Watu wanacheka, na mtu akishacheka mkono unaingia mfukoni wenyewe. Sauti hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu watatu. Duka langu linaongeza chumvi tu kwenye mboga.

Laiti ingeishia mnadani. Lakini upande wetu wa barabara kuna timu ya mpira inaitwa Siafu, jezi nyekundu, na upande wa pili wa barabara hiyohiyo kuna timu inaitwa Nyuki, jezi za njano. Msije mkadhani ni timu kubwa. Makombe ya timu zote mbili ukiyakusanya utayabeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabeba ndoo ya maji. Hata uwanja wanatumia mmoja, wenye goli moja lililoinama. Ila siku Siafu na Nyuki wanapokutana, mara mbili kwa mwaka, hata wagonjwa wanaomba ruhusa hospitalini.

Na hawaendi kuangalia mpira. Mpira wenyewe hauangaliki. Wanakwenda kusikiliza matusi, na matusi yale yana adabu zake. Siafu, kwa kuwa ndiyo timu kongwe, wanauliza. Nyuki wanajibu. Mwimbishaji wa Siafu anasimama, anatoa ubeti wa kuwasema Nyuki, watu wake wanaudaka na kuurudia mara tatu. Kisha wananyamaza, kimya cha heshima kabisa, na mwimbishaji wa Nyuki anajibu. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Wachezaji wanaweza kuvunjana miguu pale uwanjani, lakini ubeti haukatizwi. Siafu watasema:

Nyuki wanavuma sana,
ndani ya mzinga hamna!

Na Nyuki watajibu:

Siafu mmejipanga,
foleni ya kwenda wapi?

Sasa sikilizeni balaa langu. Mwimbishaji wa Siafu ni mume wangu. Mwimbishaji wa Nyuki ni kaka yangu. Kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja, muuza nyama. Mimi nilizaliwa upande wa njano nikaolewa upande mwekundu, na kwa miaka kumi na tisa wanaume hao wawili hawajapeana hata salamu.

Chanzo ni kwamba zamani kaka alikuwa kipa wa Nyuki. Mwaka nilioolewa, mpira mmoja mwepesi, mpira ambao bibi angeudaka huku anachambua mchele, ukampita katikati ya miguu. Mume wangu, shemeji yake wa wiki tatu, akasimama akaimba:

Lango lenu lina kipa,
kipa wenu ana lango!

Mwezi mzima watoto waliimba wimbo huo mbele ya bucha. Kaka akavua glovu, akasema atarudi uwanjani siku atakayokuwa na jibu. Akarudi nalo mechi iliyofuata, na hajaacha kujibu hadi leo. Wakikutana barabarani, huyu anaangalia mawingu, yule anaangalia viatu. Habari zao zote napeleka mimi. "Mwambie mume wako ng'ombe wa shangazi kazaa." "Mwambie kaka yako nimesikia." Vita vya panzi, mimi ndiye majani.

Mume wangu alilichukulia jambo hilo kwa uzito mpaka akapiga marufuku asali. Asali inatengenezwa na nyuki, na kitu cha nyuki hakiingii nyumbani kwake. Nilicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaacha kucheka nikazoea, ndivyo ndoa zilivyo.

Basi mwaka huu sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzoni tulidhani ni vumbi la marobota ya nguo. Ikawa inakatika katikati ya bei. Siku moja alikuwa ananadi koti, akafungua mdomo, na kilichotoka ni mlio wa mlango unaohitaji mafuta. Watu wakacheka wakidhani ni mbwembwe. Mimi huku dukani sikucheka. Niliacha mashine ya kopi inatafuna karatasi za watu nikakimbia.

Daktari wa koo alikuwa msichana wa miwani, mpole, ila maneno yake hayakuwa na upole wowote. Alisema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akasema dawa ni kunyamaza wiki sita.

"Hata kunong'ona?" nikauliza, kwa sababu mgonjwa alikuwa ameshaambiwa asijibu.

"Kunong'ona ni kubaya zaidi. Asiongee, asinong'one, asiimbe. Akipiga kelele hata mara moja, tutakuja kuongea habari za kisu. Na baada ya kisu, mama, mimi sauti siahidi."

Mume wangu akanyoosha vidole vinne. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Mechi ya Siafu na Nyuki ilikuwa wiki ya nne.

"Hapana," nikamwambia. "Futa kabisa."

Daktari akamalizia kwa kusema anywe maji ya uvuguvugu yenye asali, asubuhi na jioni. Mume wangu akafumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu ya pili.

Nilimletea kijitabu kutoka dukani na kalamu ya kamba, akavivaa shingoni. Jambo la kwanza aliloandika ni ASALI HAPANA!!! Mtu yule hata kwa kalamu anapiga kelele. Aliandika kwa herufi kubwa tu, na alama za mshangao tatu kwa kila jambo, hata kuomba chumvi. Watoto wakajifunza haraka kwamba ugomvi wa kuandikwa unakwepeka. Baba akiandika, wanaangalia pembeni, kisha wanasema, "Samahani baba, sikuona." Asali nilikuwa namtilia kwenye uji kwa siri, namwambia nimebadilisha sukari. Akaandika: SUKARI HII NZURI!!! Nikanyamaza na mimi. Nyumba nzima ikawa ya watu wanyamavu.

Mnadani alikwenda, maana wasiomwona wangedhani amekufa. Alipanda benchi akanadi kwa mikono. Suruali alizipima kwenye mwili wake, mashati aliyabusu, na bei mwenzake ndiye aliyeitaja kwa sauti ya kawaida isiyo na ladha. Mashati yalidoda. Soksi, cha ajabu, zilitoka kuliko zamani. Nadhani watu walimwonea huruma.

Nami niseme ukweli wangu. Miaka kumi na tisa nilikuwa naomba mtu huyo anyamaze japo siku moja. Nilipopewa, sikujua pa kuuweka ukimya huo. Nilikuwa nakaa dukani, dirisha la nyuma wazi, sisikii kitu ila mashine, na nachelewa kufunga duka kwa sababu hakuna kilichoniambia saa imefika. Nilichoma wali mara mbili. Nilikuwa namkosa mtu ambaye yuko mbele yangu anakula.

Wiki ya tatu kaka yangu akaja dukani. Hana kawaida ya kuja. Alisimama mbele ya kaunta na aproni yake yenye damu, wateja wote wakasogea, akaweka maini yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Umekonda," akaniambia.

"Sijakonda, kaka."

"Umekonda. Upike hayo. Mmoja asipoyataka, mwingine atayala." Akashika stepla yangu akaichezea. "Eti, huyo mume wako anaendeleaje?"

"Haruhusiwi kuongea."

"Hilo mji mzima unalijua. Nauliza Jumamosi ya wiki ijayo. Nani atauliza?"

"Wamempa fundi umeme."

"Fundi umeme!" Aliitupa stepla. "Yule akigonga mlango wako unadhani ni upepo! Sasa mimi nitamjibu nani?"

"Si uanze wewe mwaka huu? Tunga swali."

Kaka yangu aliniangalia kwa huzuni, na kaka yangu ni mtu anayepasua mifupa kwa shoka tangu alfajiri. "Mdogo wangu, mimi ni mtu wa kujibu. Sijawahi kuanza. Nikikaa peke yangu kichwani hakuna kitu. Yule mtu wako akifungua mdomo tu, mimi jibu linakuja lenyewe, linanikuta nimesimama. Mtu unajiandaa nusu mwaka kumjibu mwenzio, halafu anakwenda kunyamaza. Huo ni uungwana?"

"Ni vinundu, kaka."

"Vinundu," akasema, kama mtu anayetaja jina la mchezaji aliyehama timu. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya mechi nilikwenda naye uwanjani. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kukanyaga pale siku hiyo. Mke wa huyu, dada wa yule, ningekaa wapi? Lakini safari hii nilikuwa na kazi. Nilikaa upande wa Siafu ubavuni mwa mume wangu, na ndani ya mkoba nilikuwa na selotepu pana ya kufungia maboksi. Sikuwa natania. Kelele moja tu, na nyumba yangu ingekula nini? Fotokopi za vyeti?

Fundi umeme alisimama, akafunua karatasi yenye ubeti aliotungiwa na mume wangu, akausoma kama mtu anayesoma mita. Waliokuwa nyuma yake walisikia neno "nyuki". Waliokuwa mbele hawakusikia hata hilo. Hakuna aliyeudaka, maana hakuna aliyejua unaanzia wapi.

Upande wa pili kaka alikuwa amesimama tayari, ngoma imepumzishwa, watu wake nyuma yake wamekaza misuli. Wakasubiri. Adabu ni adabu. Mwishowe kaka akapaza sauti kuvuka uwanja:

"Hatujasikia! Rudieni tusi!"

Fundi umeme akarudia. Safari hii hata mimi niliyekuwa hatua tatu sikusikia.

Nyuki wakajaribu kujibu hivyohivyo. Wakaimba ile ya foleni ya kwenda wapi. Ikafika katikati ikafa. Jibu lisilo na swali ni mtu anayeongea peke yake barabarani, mnamwangalia mnampisha. Basi uwanja mzima ukatulia. Dakika arobaini na tano mpira ulichezwa kwenye ukimya wa chumba cha mtihani. Tulisikia viatu. Tulimsikia refa akihema. Beki mmoja wa Siafu alitukana baada ya kukosa mpira, na mama yake aliyekuwa jukwaani akamsikia, akamwita kwa jina lake lote.

Wakati wa mapumziko mume wangu aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. NIACHE MARA MOJA TU!!!

"Fungua mdomo huo," nikamwambia, "na mimi nafunga mizigo narudi kwetu."

Akaandika: KWENU NI NYUKI!!!

"Ndiyo. Na kule wana mwimbishaji mwenye sauti."

Alinigeuzia mgongo. Nikaona mabega yake yanatikisika, na nilipochungulia nilikuta mtu mzima analia, machozi kabisa, taulo la mnadani mdomoni. Niliitoa ile selotepu mkobani nikaishika, na mkono wangu wenyewe ulikuwa unaona aibu.

Kipindi cha pili kikaanza. Mara kaka yangu akafanya jambo ambalo hata sasa wapo wazee wa upande ule hawajamsamehe. Alimnyang'anya mtu mmoja taulo, akalitupia begani. Akaweka mkono mmoja nyuma ya sikio. Akatupa sisi mgongo, akawageukia Nyuki wake mwenyewe, na kwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mume wangu hasa, akaimba:

Nyuki wetu ni wazuri,
ila wamechoka leo!

Nyuki walimtazama midomo wazi. Mmoja akauliza kwa sauti kama kaka amelewa. Chupa ya maji ikaruka ikampiga begani, pale penye taulo. Hakujali. Alilivua taulo haraka, akageuka, akatuelekea sisi Siafu, na sasa kwa sauti yake mwenyewe nene ya bucha akajijibu:

Siafu mmejipanga,
foleni ya kwenda wapi?

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha kicheko kikaanzia kwa mama mmoja upande wetu, kikasambaa, kikavuka uwanja hadi kwa Nyuki. Kaka akavaa tena taulo, akawageukia tena watu wake. "Nyuki wetu ni wazuri!" Akavua, akageuka. "Siafu mmejipanga!" Mtu mmoja alikuwa timu mbili, jasho linamtoka, anazunguka kama feni, na kila akizunguka anauliza na kujijibu.

Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, nikamsahau mgonjwa wangu. Nilipokumbuka kumwangalia, alikuwa amesimama. Mishipa ya shingo imemtoka. Uso umekuwa wa mtu anayeona nyumba yake inaungua. Nikafahamu mara moja kinachomuua, na si kwamba Nyuki wanaimba. Ni lile tusi. "Ila wamechoka leo"! Kaka yangu hajawahi kutukana timu yake maishani, hajui hata pa kuanzia, na hicho ndicho alichoweza kukitoa. Na alikuwa anakiimba kwa jina la Spika, kwa taulo la Spika, mbele ya mji mzima.

Mume wangu akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mnadani. Mdomo ukafunguka.

Nilimrukia. Niliuziba mdomo kwa mikono miwili, selotepu ikaanguka ikabingirika, na yeye, baba wa watoto wangu, aliniuma kidole. Sikuachia. "Watoto!" nilimpigia kelele sikioni. "Watoto watatu! Andika! Andika basi, mimi nitapeleka!"

Alitulia. Aliniangalia juu ya vidole vyangu kwa macho makubwa. Kisha akaketi, akaandika upesi, akachana karatasi akanipa, akaelekeza kidole upande wa pili. MPELEKEE!!!

Nilizunguka uwanja kwa nyuma ya lile goli lililoinama, na viatu vyangu vya kazini, watu wa timu zote mbili wakinishangilia bila kujua kwa nini. Nikafika kwa kaka, hoi.

"Umefuata nini huku?" akaniuliza.

"Nimekuletea matusi yako."

Aliisoma karatasi, midomo ikicheza. Nilimwona kabisa anataka kucheka, akajibana. "Huyu mtu ana roho mbaya," akasema, kwa heshima kubwa. Akatupia taulo begani, akawageukia Nyuki:

Nyuki huuma mara moja,
kesho yake tunazika!

Hilo halikuhitaji maelezo. Upande wa Siafu wakamtambua mtu wao. Waliinuka wote kwa pamoja wakaudaka ubeti, mara moja, mara mbili, mara ya tatu fundi umeme naye akasikika. Halafu wakanyamaza, kimya kilekile cha heshima, na kaka akavua taulo, akanyoosha mgongo, na jibu likamkuta amesimama, kama alivyosema:

Siafu akiniuma,
nakung'uta suruali!

Nyuki walilipuka. Wanaume wazima walikuwa wanakung'uta suruali zao jukwaani. Niliporudi upande wetu, mume wangu alikuwa ameshaandika lingine. Nilizunguka uwanja ule mara saba. Mimi, mama wa watoto watatu, mwenye mashine mbili za kopi, nikawa tarishi wa matusi. Mara ya nne kidole kilikuwa kimevimba, mara ya sita kisigino cha kiatu kilibaki kwenye tope, na kila nikimfikia kaka, jibu lilikuwa zuri kuliko la mwanzo. Na kila nikirudi kwa mume wangu nilimkuta amejipiga paja, anasoma midomo ya shemeji yake kutoka mbali, anatikisa kichwa kwa raha na hasira. Mechi iliisha bila bila. Wanasema kulikuwa na penalti. Sijaonana bado na mtu aliyeiona.

Baada ya mechi hawakusalimiana. Mmoja aliangalia mawingu, mwingine viatu. Nilitamani kuwapiga wote wawili kwa kiatu kilichobaki na kisigino.

Wiki ya sita daktari aliingiza mrija wake, akachungulia, akatabasamu. Vinundu vimenywea. Akasema aanze kuongea taratibu, maneno machache, nyumbani, mahali patulivu. Njiani mume wangu hakusema kitu, na mimi sikumharakisha. Nilijua anaiweka sauti hiyo kwa ajili ya nyumbani. Nami nitawaambia nilichotegemea, hata kama mtanicheka. Nilitegemea neno la kwanza liwe langu. Wiki sita za uji, kidole kilichoumwa, kiatu, mizunguko saba. Hata "asante mama watoto" ingetosha. Nilivaa gauni zuri kidogo. Nikawaketisha watoto.

Hodi ikapigwa. Ni kaka, na mfuko wa nyama. Akasema alikuwa anapita tu. Mtu anayepita tu hanyoi ndevu hivyo. Hajawahi kukaa chini ndani ya nyumba yangu tangu niolewe, na hata sasa alisimama palepale kwenye mkeka wa kufutia miguu, anaangalia viatu vyake. Mume wangu akainua uso juu kutafuta mawingu, akakutana na dari.

Kisha akakohoa kidogo. Nikakunja mikono mapajani nikangoja.

"Shemeji," akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba, mpya, kama ya mtu mwingine aliye mdogo wake. Lakini ilikuwa yake. Kaka akainua kichwa.

"'Ila wamechoka leo' ndiyo tusi gani?"

Kaka yangu, mtu wa kujibu, alifungua mdomo akaufunga.

"Watu watasema ni langu," mume wangu akaendelea, pole pole, neno kwa neno, kama daktari alivyoagiza. "Umeniharibia jina, shemeji. Mimi nisingewatukana Nyuki kwa upole hivyo. Hata kwenye jeneza."

"Sasa ningelitoa wapi jingine?" kaka akasema, na sauti yake nene ikamkatikia. "Matusi yote unayo wewe! Dakika arobaini na tano nimesimama pale nakusubiri. Nikafikiri ndiyo basi, umeondoka. Nikafikiri sitakuwa na mtu tena."

Mume wangu akamsogelea, akamshika mkono, akampokonya mfuko wa nyama, akanipa mimi bila hata kuniangalia, akaendelea kumfundisha kutukana. Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana, na nilikuwa bado nimekasirika nilipokwenda chumbani kumtafutia kaka yangu kiti.